Kisiwa Kisicho na Mpunga: Chakula cha Jeju na Watu Waliokipika

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi na walimu wa mapishi. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukumbini nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wapishi wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao muda si mrefu mtashika majiko ya hoteli zetu: shikamooni mlio wakubwa, na wengine wote habari za mchana.

Niliombwa nizungumzie vyakula vya Korea. Nikawajibu waandaaji kwamba Korea ni kubwa, mchana mmoja hautoshi, na mambo ya Seoul vijana hawa wanayaona kila siku kwenye simu zao. Nikaomba nipewe kisiwa kimoja tu. Kisiwa chenyewe ni Jeju.

Jeju kiko kusini kabisa mwa Korea, peke yake baharini. Kilizaliwa na volkano, na katikati yake umesimama mlima Hallasan, mita 1,947, mrefu kuliko milima yote ya Korea Kusini. Siku hizi watu humiminika huko kwa ndege, wakapiga picha ufukweni, wakala nyama ya kuchoma na machenza, wakaondoka wameridhika. Sina neno nao. Lakini ninyi ni wapishi, na kwenu nina neno moja ambalo nitalirudia mpaka mchoke: chakula cha Jeju kimepikwa na watu waliojua njaa. Ukikipika bila kuijua njaa hiyo, umepika kitu kingine.

Tuanze na ardhi. Mkisikia Korea, mnafikiria wali. Haya, niambieni: mpunga unataka nini? Maji. Je, Jeju hakuna mvua? Ipo, tena nyingi kuliko karibu kila mahali Korea. Basi mbona mpunga haukustawi? Kwa sababu mvua ikishuka, ardhi inaimeza. Mawe ya volkano yana matundu, udongo ni mwepesi, maji yanapenya chini kwa chini na kuibukia ufukweni kama chemchemi. Ndiyo maana vijiji vingi vya zamani vilikaa pwani. Mwanamke aliteka maji kwenye chemchemi, akayatia katika mtungi wa udongo uitwao heobeok, mtungi akauweka ndani ya kikapu, kikapu akakifunga mgongoni. Kichwani usingekaa, kwa upepo ule na njia zile za mawe.

Na upepo! Watu wa Jeju walizungushia kila kishamba ukuta wa mawe ili udongo usiondoke. Kuta hizo, batdam, zikiunganishwa zinakadiriwa kufika kilomita 22,000 na zaidi, na mwaka 2014 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliziingiza katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Wakishapanda, waliwapitisha farasi juu ya shamba wakanyage, mbegu ishikwe na udongo isipeperushwe. Fikirini kazi hiyo yote, halafu fikirini kilichovunwa: shayiri, nafaka ndogo ndogo za jamii ya mawele, na memil. Wali ulionekana usiku wa tambiko, ulipoandaliwa kwa ajili ya wazee waliokwisha kufa. Mtoto alikesha kusubiri tambiko liishe ili apate kijiko cha wali mweupe.

Hiyo memil nitasimama nayo kidogo. Ni nafaka yenye punje nyeusi za pembe tatu, hukua haraka na haidai ardhi nzuri. Jeju ndiko inakolimwa zaidi katika Korea nzima. Waganga wa jadi wa kisiwa, katika masimulizi wanayoyaimba kwenye matambiko, wanaeleza ilivyofika. Palikuwa na binti wa duniani, Jacheongbi, aliyempenda kijana wa mbinguni akamfuata huko huko juu. Vita vikazuka mbinguni, binti akavizima. Akaulizwa, unataka zawadi gani? Hakutaka dhahabu wala ufalme. Akasema: nipeni mbegu. Akashuka na mbegu za nafaka, akaanza kuzigawa, na hapo akagundua kwamba moja ameisahau. Akapanda tena mbinguni kuifuata. Aliporudi, msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Mbegu hiyo ndiyo memil, na ndiyo maana hupandwa nyuma ya wenzake na bado huvunwa pamoja nao. Mnaona watu hawa walimwomba nini mungu wao? Mbegu.

Wana na simulizi nyingine, ya Wamongolia. Mwaka 1273 majeshi ya Wamongolia na ya Korea yaliwashinda waasi waliokimbilia Jeju, na baada ya hapo Wamongolia wakakigeuza kisiwa kuwa malisho ya farasi wao. Inasimuliwa kwamba waliwapa wenyeji memil kwa nia mbaya, wakijua ni nzito tumboni. Wenyeji wakaila na figili, na tumbo likatulia. Sisemi kwamba ndivyo ilivyotokea. Nasema ndivyo wanavyoieleza sahani yao, na sahani yenyewe mimi naipenda kuliko zote za kisiwa kile.

Inaitwa bingtteok. Unakoroga unga wa memil na maji na chumvi mpaka uwe kama wa chapati ya maji. Unapaka mafuta kidogo kwenye kikaango, unamimina, unatandaza upesi upate chapati nyembamba. Figili umekwisha kuikata vijiti, umeichemsha kidogo, umeikamua, umeichanganya na majani ya kitunguu, ufuta na chumvi. Unaiweka katikati, unakunja, unabana ncha mbili kwa vidole. Basi. Mwanafunzi ataniuliza, mwalimu, viungo viko wapi? Pilipili iko wapi? Haipo. Mara ya kwanza ulimi unatafuta kitu cha kushika na haukipati. Endelea kutafuna. Utamu wa figili unakuja taratibu, halafu harufu ya nafaka inafuata, na hapo unaelewa kwamba mpishi hakupungukiwa. Ndiyo ladha aliyoitaka.

Nafaka nyingine ndogo, ile ya kunata, ilifinyangwa kuwa omegi: donge lenye tundu katikati, ili maji yanayochemka yaiivishe ndani na nje. Omegi ilipondwa na kuchachushwa ikawa pombe, na pombe ikikenekwa ikawa kali zaidi. Leo madukani wanauza omegi isiyo na tundu, imeviringishwa kwenye maharage mekundu matamu, kwenye boksi zuri. Tamu, sikatai. Na shayiri iliyopikwa ikaanza kuchacha kwa joto la kiangazi haikutupwa: ilitiwa hamira yao ya jadi, nuruk, ikageuka kinywaji cha ukakasi kiitwacho swindari. Hata chakula kilichoanza kuharibika kilikuwa bado chakula.

Sasa twende baharini, kwa wanawake.

Wengi wenu mmewaona kwenye tamthilia: haenyeo, wanawake wanaozamia bila mtungi wa hewa. Wanashuka hadi mita 10 hivi, wanabana pumzi dakika moja, wengine zaidi. Wakiibuka wanatoa pumzi kwa mluzi mrefu unaosikika mpaka nchi kavu. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wao katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 20,000. Leo hawafiki 3,000, na wengi wao wamevuka miaka 60.

Wanazamia nini? Pweza, makome, mwani, yule mnyama wa mwambani mwenye miiba mwili mzima, na mwenye thamani kuliko wote, jeonbok. Huyu ni konokono mkubwa wa baharini, gamba lake moja pana, ndani linang'aa kama lulu, naye hushikilia mwamba kwa nguvu za ajabu. Mzamiaji anambandua kwa kipande cha chuma kiitwacho bitchang, chenye kamba ya kuzungusha mkononi. Asipombandua kwa pigo la kwanza, konokono hubana chuma. Wapo waliokufa hivyo, mkono umefungwa kwenye chuma na chuma kimebanwa na mwamba.

Sasa nauliza: walipompata, walimla? Hapana. Alikwenda kwa mfalme. Kwa mamia ya miaka Jeju kilitozwa kodi ya jeonbok. Zamani waliomzamia kwa kiasi kikubwa walikuwa wanaume, nao mzigo ulipowazidi wakakimbia kisiwa. Serikali ikafanya nini? Ikapunguza kodi? Mwaka 1629 ilipiga marufuku watu wa Jeju kuondoka kisiwani, na marufuku hiyo ilidumu takriban miaka 200. Wanaume walipopungua, mzigo ukawaangukia wanawake.

Yupo kiongozi mmoja ninayetaka mumkumbuke kwa jina. Gi Geon, aliyetumwa kutawala Jeju katika karne ya 15, enzi ya Mfalme Sejong. Aliona jinsi watu wanavyoteseka kwa ajili ya jeonbok, na kwa muda wote wa utawala wake, miaka mitatu, hakumtia kinywani. Kumbukumbu za ufalme zimeliandika jambo hilo. Miaka mitatu! Watawala wangapi wamepita pale na kusahaulika, na huyu anakumbukwa kwa alichokataa kula.

Kwa hiyo mtakapopika jeonbokjuk, uji wa mchele na jeonbok, tafadhali msiyatupe matumbo yake. Ndiyo yanayoupa uji rangi ya kijani na ladha ya bahari. Kaangeni mchele na mafuta ya ufuta, matumbo yaingie, kisha maji, kisha subira.

Mwanamke huyo huyo akitoka baharini alikwenda shambani. Wakati wa kupika ulikuwa wapi? Haukuwapo. Ndipo tunapopata mapishi ya haraka ya Jeju, na hapa wapishi wa mjini huyadharau bila kuelewa. Supu yao ya kiangazi haichemshwi: unatwaa doenjang, soya iliyosagwa na kuchachushwa, unaikoroga kwenye maji baridi, unatia matango au mwani, mnakula. Mwanzoni mwa kiangazi huja jari, samaki mdogo wa miambani. Humkata vipande vyembamba pamoja na miiba yake laini, akatiwa siki, doenjang, matango, jani la chopi lenye kuwasha ulimi, na maji baridi. Hiyo ni jari-mulhoe. Siku hizi migahawa inaijaza pilipili iwe nyekundu kwa ajili ya wageni. Ya asili ni ya doenjang, rangi yake ya udongo. Samaki yule mrefu wa rangi ya fedha, galchi, ambaye kwingine angekaangwa, Jeju humchemsha supu nyeupe na boga na majani machanga ya kabichi. Mtu aliyezoea samaki aliyelala friji siku mbili hawezi kuithubutu supu hiyo, na asijaribu. Inataka samaki wa leo.

Na mezani? Shayiri iliwekwa katikati katika bakuli moja kubwa, kila mtu na kijiko chake, kila mtu na supu yake. Baharini nako kuna kugawana. Vipo vijiji vilivyotenga maji mafupi ya karibu kwa ajili ya wazamiaji wazee. Kijana mwenye pumzi haruhusiwi kuvua pale. Anakwenda mbali.

Sasa nakuja kwenye karamu, na lazima nimtaje nguruwe. Najua wengi humu hamli nguruwe, na naheshimu hilo. Lakini historia ya Jeju haisimuliki bila yeye, kwa hiyo mnivumilie.

Nguruwe mweusi wa Jeju alifugwa katika zizi la mawe lililounganishwa na choo. Alikula mabaki ya nyumba nzima, yote mnayoyafikiria. Samadi yake, iliyochanganyika na majani makavu ya shayiri, ilirudi shambani kuotesha shayiri nyingine. Hakuchinjwa hovyo. Alisubiri arusi au msiba. Arusi ilichukua siku tatu, na siku ya kwanza ilikuwa ya kuchinja tu. Katika sufuria moja kubwa walichemsha nyama, wakachemsha mifupa, wakachemsha matumbo yaliyojazwa damu na unga, yote katika maji yale yale. Mwisho ilibaki supu nzito isiyomwagwa hata tone. Humo wakatia mom, mwani wa kahawia, na unga wa memil kuishikisha. Hiyo ndiyo momguk. Mwani tunaujua, akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima. Wa Jeju hujiotea wenyewe baharini, na kazi yake kwenye sufuria ile ni mbili: kukata mafuta, na kuongeza supu ili itoshe kijiji.

Itoshe kijiji. Mwenye kazi hiyo alikuwa mtu maalumu, dogam. Huyu hakupika. Huyu alikata na kugawa. Kila mgeni alipata sehemu yake katika sahani yake: vipande vitatu vya nyama, kipande cha utumbo uliojazwa, kipande cha jibini ya soya. Vitatu. Tajiri vitatu, maskini vitatu, mtoto aliyeshikwa mkono na bibi yake naye vitatu. Nguruwe ni mmoja au wachache, watu ni kijiji kizima, kwa hiyo dogam alilazimika kukata nyama nyembamba na pana, sahani ionekane imejaa. Mwenye arusi mwenyewe hakuthubutu kumwingilia. Wanafunzi wangu, mmejifunza kukata kwa ajili ya sura na kwa ajili ya kuiva sawasawa. Je, mmewahi kujifunza kukata kwa ajili ya haki?

Leo nguruwe mweusi wa Jeju ni jina kubwa. Mgeni anashuka uwanja wa ndege na jambo la kwanza anamtafuta. Lakini mweusi wa asili karibu atoweke. Mwaka 1986 watafiti wa mifugo wa kisiwani walizunguka sehemu za mbali na kukusanya watano tu, wakaanza upya kutoka kwa hao. Mwaka 2015 serikali ilimtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa, na anayechomwa migahawani ni mchanganyiko na mbegu za kigeni.

Nimesema njaa tangu mwanzo. Sasa niiseme wazi.

Miaka ya 1790 Jeju kilipigwa na ukame na dhoruba mfululizo. Mfalme Jeongjo alituma nafaka kwa meli, meli zikazama. Alikuwapo mwanamke mfanyabiashara, Kim Mandeok, aliyezaliwa 1739, aliyepata kuwa yatima na mtumbuizaji wa maofisa kabla ya kujinunulia heshima kwa biashara yake. Alitoa mali yake, akanunua nafaka bara, akalisha watu. Mfalme aliposikia akauliza, anataka nini? Mwanamke wa Jeju, asiyeruhusiwa hata kuvuka bahari, akasema anataka kuuona mji mkuu na milima ya Geumgangsan. Akaruhusiwa, akaenda, akaona. Mpaka leo kisiwa kinamheshimu kama mama.

Na ipo njaa ya karibu zaidi, ambayo wazee walio hai wanaikumbuka. Tarehe 3 Aprili 1948 maasi yalizuka Jeju, na yaliyofuata yalidumu hadi 1954. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 30,000, karibu mtu mmoja katika kila kumi, wengi wao raia waliouawa na vikosi vya serikali. Vijiji vya miinuko vilichomwa moto majira ya baridi, watu wakakimbilia mapangoni na walichoweza kubeba. Mwaka 1992, katika pango la Darangswi, iligunduliwa mifupa ya watu 11, akiwamo mtoto wa miaka tisa. Walikufa Desemba 1948, kwa moshi uliowashiwa mlangoni mwa pango. Pamoja nao zilikutwa sufuria, mitungi na bakuli. Walikimbia na jiko lao. Walitarajia kupika.

Kwa miongo mingi ilikuwa hatari kulitaja jambo hili. Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2003. Lakini jikoni lilikuwa likitajwa siku zote. Katika kijiji cha Bukchon, ambako mamia ya watu waliuawa Januari 1949, nyumba nyingi hufanya tambiko usiku mmoja. Wali mweupe unapikwa kijiji kizima kwa pamoja. Mkikumbuka nilivyowaambia kuhusu mtoto aliyekesha akisubiri wali, mtaelewa kwamba kwa watu hawa sahani ya wali ni nyaraka.

Ndiyo maana nakasirika nikiona orodha ya vyakula inayosema tu "chakula halisi cha kisiwa, kitamu na cha afya". Mgeni ana haki ya kuambiwa. Si hotuba kama hii, sentensi mbili zinatosha: huu uji ni wa konokono aliyekwenda kwa mfalme. Hii supu ilikusudiwa kutosha watu wote wa kijiji. Nanyi mtakaporudi kwenye vyakula vya nyumbani kwenu, waulizeni mabibi swali hilo hilo, mwaka wa njaa mlikula nini, na mlikigawaje, kabla hawajaondoka na majibu.

Sasa kuhusu kesho. Saa mbili asubuhi tukutane jikoni. Nimepata unga wa memil unaotosha bingtteok, na figili zipo sokoni. Nyama itakuwa ya mbuzi, ili kila mtu ale, na sitaiita momguk, kwa sababu siyo. Mwani nimeagiza. Nyama nzima ni kilo sita. Mmoja wenu atakuwa dogam, kwa kura. Atawahesabu wote walioko chuoni kesho, pamoja na walinzi wa getini na akina mama wanaofagia, halafu ndipo atashika kisu. Walimu hawatamsaidia, na hatagawa mpaka amalize kuhesabu.

Mwenye swali anyanyue mkono.